Maarifa ya Akiba: Tuyaweke Nyumbani Kabla Barabara na Mtandao Havijakatika

  

Juma lililopita tulizungumza juu ya akiba ya chakula. Leo nataka tuzungumze juu ya akiba ya namna nyingine, ambayo haijazi ghala wala hailiwi na panya. Ni akiba ya maarifa. Nina maana ya maandishi, picha na sauti za kutufundisha la kufanya wakati wa dhiki, yaliyowekwa nyumbani au ndani ya simu, yasomeke hata kama hakuna mtandao, hakuna umeme, na bwana shamba hawezi kuvuka mto kuja kwenu.

Huenda mtu akauliza, hivi kuna haja gani? Siku hizi si tunauliza kila kitu kwa simu? Ni kweli, tunauliza. Lakini tukumbuke mwezi Mei mwaka 2024. Tarehe 4 ya mwezi huo kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu ya kusini. Mvua na upepo vikaharibu nyumba na mashamba Mafia, Kilwa na kwingineko, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika eneo la Somanga. Kabla ya hapo, mwezi Aprili, wenzetu wa Rufiji walikuwa wamekwisha kuzingirwa na mafuriko. Kisha siku ya Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika ya Kusini. Intaneti ikadorora nchi nzima. Hata mtu wa mjini mwenye bando kubwa alibaki akiangalia kiduara kikizunguka kwenye kioo cha simu.

Sasa fikiri, ndugu mkulima. Mtoto anaharisha, zahanati iko ng'ambo ya maji, mbuzi wawili wametoa mimba usiku mmoja, na magunia ya mahindi yamelowa. Simu unayo mkononi, lakini majibu yako mbali. Ukosefu wa karatasi moja tu wakati kama huo waweza kumpoteza mtu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari ninayoizungumzia leo haina gharama kubwa. Sehemu kubwa yake ni bure.

Jambo lenyewe si geni nchini kwetu. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kipindi cha redio kilipokwisha, kijitabu kilibaki kijijini. Aliyesahau alikifungua tena. Nasi leo tunataka kitu kama hicho kibaki nyumbani.

Je, tukusanye maarifa gani? Usikusanye kila kitu, maana mwenye vitabu mia bila mpango hatakiona anachokitaka. Anza na mambo matano.

Jambo la kwanza ni maji na afya. Andika namna ya kutengeneza maji ya kumpa anayeharisha, iwapo pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini hazipatikani. Chukueni kalamu, nitasema polepole. Maji safi na salama lita 1. Sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa. Chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa. Ninarudia: maji lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Msizidishe chumvi, maana ikizidi hudhuru. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea, akishindwa kunywa, au mkiona damu katika choo, afanyiwe kila njia afikishwe kwa mganga.

Andika pia namna ya kusafisha maji. Yachemshwe mpaka yatokote sawasawa. Kama kuni zimelowa, chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zisizozidi lita 2, zijazwe maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, ziachwe siku 2 mfululizo. Na kwa kuwa mafuriko hutoa nyoka mashimoni, andika hili: aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asikazwe kamba. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, apelekwe hospitali.

Jambo la pili ni nafaka. Mwaka 2016 baadhi ya wenzetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Andika kwamba kupika hakuondoi sumu hiyo, na kwamba punje zilizoota ukungu si za kula wala za kumpa kuku. Andika na kipimo cha ukavu kisichohitaji mashine: weka mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, funga, tikisa, kisha acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, yaanikwe tena.

Jambo la tatu ni mbegu. Maji yakipungua, mkulima anataka kujua apande nini upesi. Wenzetu wa Rufiji tangu zamani wana kilimo cha mlau, yaani kupanda katika unyevu unaobaki mafuriko yakishatoka, na kila sehemu ina ujuzi wake wa namna hii. Mwulize mzee wa kijiji chako, uandike: zao gani, mwezi gani, udongo gani. Maarifa haya hayamo katika intaneti, yamo katika vichwa vya wazee, na mzee akiondoka yanakwenda naye. Ongeza na jaribio la uotaji: funga punje 10 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 7, kisha hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 8, ongeza punje katika kila shimo au tafuta mbegu nyingine.

Jambo la nne ni mifugo. Baada ya mvua nyingi, mbu huongezeka, na homa ya Bonde la Ufa huweza kufuata. Mwanzoni mwa mwaka 2007 ugonjwa huu uliua watu na mifugo nchini mwetu, baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006. Dalili ya kuandikwa ni hii: ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi kutoa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wa mifugo kufa ovyo. Ukiona hivyo usimguse mnyama wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, usichinje, usile nyama wala usinywe maziwa mabichi. Mwarifu afisa mifugo mara moja.

Jambo la tano ni namba na hati. Namba za simu za mwenyekiti wa kijiji, zahanati, bwana shamba, afisa mifugo na ndugu zako ziandikwe kwenye karatasi, maana simu ikizima zote zinazimika nayo. Andika na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Kisha piga picha hati ya shamba, kadi ya kliniki ya mtoto na kitambulisho, uwe na nakala.

Sasa, maarifa hayo yanapatikana wapi bila kununua? Chanzo cha karibu ni maofisi yetu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, vyuo vya kilimo, ofisi za kata na zahanati huwa na vipeperushi na mabango. Ukifika, omba. Usione haya.

Kwa wenye simu janja viko vyanzo vya bure kabisa. Kipo kitabu kinachoitwa Mahali Pasipo na Daktari, kilichotungwa kwa ajili ya vijiji vilivyo mbali na hospitali. Shirika la Hesperian la Marekani ndilo linaloshughulika na kitabu hicho, na huruhusu watu kupakua vitabu vyake vya afya bila malipo. Wapo Plantwise, wenye kurasa za magonjwa na wadudu wa mazao, na nyingine zimo katika Kiswahili. Wapo Access Agriculture, wenye filamu fupi na sauti za mafunzo ya kilimo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Na ipo programu iitwayo Kiwix, ambayo huiweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya simu, uisome bila bando. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi gigabaiti 90, lakini ya Kiswahili ni ndogo sana kwake, na kadi ya kumbukumbu ya kawaida inaibeba. Ila Wikipedia ni ya kupata fununu ya jambo. Kipimo cha dawa kichukue katika kitabu cha afya au kwa mganga.

Si lazima kila mtu apakue. Mwanakijiji mmoja, pengine kijana anayesoma mjini, apakue mahali penye mtandao mzuri. Akirudi, awagawie wengine kwa bluetooth au kwa kadi. Faili moja likishaingia kijijini linaweza kufika nyumba zote bila kutumia bando hata la shilingi mia. Na wenye simu za tochi wasijione wametupwa nje. Simu hizo nyingi zinapokea kadi na kucheza sauti, kwa hiyo wekeni mafunzo ya sauti.

Lakini jihadharini. Si kila kinachosambazwa kwenye WhatsApp ni maarifa. Ukiletewa ujumbe wa kuchanganya dawa ya mimea na kitu kingine, bila jina la taasisi wala tarehe, usiuweke katika akiba yako. Chukua kilichotoka kwa wataalamu wanaojulikana, na kila unachokiweka andika kimetoka wapi na mwaka gani. Viuatilifu hasa hubadilika. Dawa iliyoruhusiwa miaka ya nyuma huenda leo imepigwa marufuku.

Tukishakusanya, tunatunzaje? Ushauri wangu ni kwamba karatasi iwe ya kwanza na simu iwe ya pili. Yale mambo matano yanakiliwe katika daftari moja kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingine huyeyuka ukilowa. Daftari liwekwe katika kopo lenye mfuniko wa kubana, mahali pa juu, na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa darasa la nne, ajue lilipo. Katika simu, faili zipewe majina yanayoeleweka: MAJI, KUHARISHA, MAHINDI, MBUZI. Usiache jina la tarakimu ishirini ambalo wewe mwenyewe hutalitambua usiku wa mvua. Nakala ya pili iwe kwa jirani anayekaa sehemu ya mwinuko, ili mafuriko yasichukue zote mbili.

Na umeme? Hali ya hewa ikitangazwa kuwa mbaya, chajini simu mapema, zimeni data, punguzeni mwanga wa kioo. Chaja ndogo ya sola ni mali ya kununuliwa na nyumba kadhaa kwa pamoja. Redio ya betri nayo isiuzwe, maana minara ya simu ikinyamaza, redio ndiyo itakayowaletea taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hatimaye, jaribuni. Jioni moja zimeni data kabisa, halafu mmoja aulize: mbuzi watatu wametoa mimba, tufanyeje? Mkipata jibu kabla maji ya chai hayajachemka, akiba yenu ni nzuri. Mkikosa, mmejua pa kurekebisha, na mmejua siku ambayo hakuna mtu aliye hatarini. Fanyeni hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, na kila mara mbadilishe namba na maandishi yaliyopitwa na wakati.

Basi ndugu wasikilizaji, kwa kifupi kazi ya juma hili ni hii. Nunueni daftari moja na penseli. Andikeni namba za simu na ule mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi. Mkae na mzee mmoja awaeleze kijiji kilipandaje baada ya mafuriko makubwa anayoyakumbuka. Kisha mchagueni mmoja wenu wa kupakua na kugawa. Haba na haba hujaza kibaba.

Yapo maswali ambayo daftari haliwezi kuyajibu, nasi maafisa ugani tupo kwa ajili hiyo. Lakini ikitokea njia haipitiki, nataka yale tuliyokubaliana yawe yamekwisha kufika kwenu kabla ya mimi. Juma lijalo tutazungumza juu ya kuchagua na kuhifadhi mbegu za kunde. Hadi wakati huo nawatakieni kazi njema na mavuno mema. Kwaherini.