Tai na Shakwe

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mtu ana daftari lake mbele yake. Kama mwenzako hana penseli, mkatie yako nusu. Leo hatutaanza na hesabu. Nimewaleteeni habari ya ndege wawili na mpira wa miguu, na mwisho wa habari kuna kazi ya kuandika.

Mambo yalianza hivi. Siku moja nilikwenda Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, nikawakuta watu wawili wanabishana. Mmoja ni mvuvi, wa pili ni fundi wa baiskeli. Mvuvi ni Msukuma, fundi ni Mzaramo. Basi ni watani, nanyi mnajua kwamba maneno ya mtani hayakasirishi. Wote wawili ni wapenzi wa mpira, na kila mmoja amejichagulia timu huko Uingereza. Mvuvi ni mtu wa Crystal Palace, timu ya upande wa kusini wa London, ambayo watu wake hujiita Tai. Fundi ni mtu wa Brighton, timu ya mji wa pwani, ambayo watu wake hujiita Shakwe. Shakwe ni yule ndege wa ufukoni, mweupe kifuani, mwenye mabawa marefu, apendaye kuzunguka juu ya mashua zinaporudi na samaki.

Mvuvi alikuwa akisema, "Wewe shakwe, mtani wangu, kazi yako ni kuokota matumbo ya samaki ninayoyatupa mimi."

Fundi akajibu, "Nawe tai umejaa kifua tu. Mwenzio akikamata samaki, ndipo unapoamka."

"Mwaka 2013 nilikuja nyumbani kwako nikala chakula chako, mezani pako, nawe unatazama!"

"Ulikula siku moja. Unaisimulia mpaka leo kama mzee anayesimulia meno yake."

Watu walicheka. Waliponiona, wakaniita. "Mwalimu, njoo utuamulie. Kati ya tai na shakwe, ni ndege yupi anayekula kwa jasho lake? Atakayeshindwa atanunua chai na chapati." Sikuwa na jibu, nikawaomba juma moja. Nilisoma na kuuliza, na haya nitakayosema sasa ndiyo majibu yangu. Natumaini wao wenyewe wanasikiliza.

Tuanze na mpira. Zamani Crystal Palace hawakuitwa Tai. Jina la timu yao maana yake ni "jumba la kioo", na kwa hiyo waliitwa Mafundi wa Vioo. Mwaka 1973 meneja wao, Malcolm Allison, aliona jina hilo halina ukali, akachagua tai. Watu wa Brighton nao kwa muda mfupi walijiita Pomboo, yaani yule mnyama wa baharini arukaye juu ya maji. Lakini katikati ya miaka ya 1970, washangiliaji wa Palace walipokuwa wakipiga kelele, "Tai! Tai!", wale wa Brighton waliwajibu, "Shakwe! Shakwe!" Kwa Kiingereza majina hayo mawili hukaribiana sana kwa sauti, na ndiyo sababu jibu lilikolea. Klabu ikaliona jina ni zuri, ikalishika. Kwa hiyo jina la Brighton lilizaliwa katika utani.

Jambo la ajabu ni kwamba watu hawa si majirani. Kati ya viwanja vyao kuna kilometa 60 hivi. Lakini mwishoni mwa mwaka 1976 walikutana mara tatu katika Kombe la F.A., kwa kuwa mara mbili walitoka sare. Katika mchezo wa tatu Brighton walipata penalti, wakafunga. Refa akaamuru ipigwe tena, maana wachezaji wengine walikuwa wameingia katika eneo kabla ya wakati. Ikapigwa tena, kipa akaizuia. Palace wakashinda bao 1 kwa 0. Nani atasahau jambo kama hilo? Mimi nisingesahau.

Sasa andikeni neno hili: MCHUJO. Limetoka katika kuchuja. Mama akikuna nazi, huweka chicha katika kifumbu, akakamua, tui likapita na chicha zikabaki. Katika mpira ni vivyo hivyo. Mwaka ule wa 2013, katika ligi ya daraja la pili la Uingereza, zilikuwako timu 24. Timu mbili za juu zilipanda daraja moja kwa moja. Nafasi ilibaki moja tu, na timu nne ziliigombania: ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita. Ya tatu ilicheza na ya sita, ya nne ikacheza na ya tano, mara mbili kila moja, nyumbani na ugenini. Kisha washindi wawili walikutana mara moja tu, kule Wembley. Fikirini: unacheza michezo 46 kwa miezi tisa, halafu kazi yako yote inaamuliwa kwa siku chache za mwezi wa Mei. Wengine husema si haki. Mimi nasema ni ukatili, lakini ni ukatili ambao mtu hawezi kuacha kuutazama.

Brighton walikuwa wa nne, Palace wa tano. Na kila upande ulikuwa umetoka katika shida. Mwaka 1997 Brighton walikiacha kiwanja chao, ambacho kilikuwa kimekwisha kuuzwa, wakacheza miaka miwili katika mji wa Gillingham, mbali na kwao, kisha miaka 12 katika kiwanja cha riadha ambako watazamaji walikaa mbali na mpira na kunyeshewa na mvua. Kiwanja chao kipya, hapo Falmer, walikipata mwaka 2011. Palace nao, mwaka 2010, walishindwa kulipa madeni yao, na klabu ilikaribia kufungwa.

Mchezo wa kwanza ulichezwa London tarehe 10 Mei 2013. Hakuna aliyefunga. Tena mfungaji mkubwa wa Palace, Glenn Murray, aliumia goti akachukuliwa kwa machela. Basi watu wa Brighton walikwenda nyumbani wakijua kwamba mchezo wa pili ni kwao, katika kiwanja chao kipya, na yule aliyewatisha hayumo. Tarehe 13 Mei wakajaa. Dakika zikapita, 0 kwa 0. Kisha Wilfried Zaha, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Abidjan, akafunga kwa kichwa. Zilipobaki dakika mbili akafunga la pili. Hicho ndicho chakula anachokitaja mvuvi wetu. Palace wakaenda Wembley, wakaishinda Watford bao 1 kwa 0 katika muda wa nyongeza. Penalti hiyo ilifungwa na Kevin Phillips, mzee wa miaka 39. Shakwe walingoja miaka minne zaidi. Walipanda daraja mwaka 2017.

Hayo ni ya mpira. Sasa tumtazame tai mwenyewe, yule mwenye manyoya.

Palace walikuwa na tai wa kweli. Jina lake Kayla, naye alikuwa jike. Tangu mwaka 2010 alirushwa kiwanjani kabla ya mchezo, watu wakapiga makofi, mpaka alipokufa mwaka 2020. Alikuwa wa aina ile ya tai mwenye kichwa cheupe, ambayo asili yake si Uingereza bali Amerika ya Kaskazini. Ninyi mnaokaa karibu na ziwa mnamfahamu ndugu yake, furukombe. Ni ukoo mmoja hasa. Kichwa cheupe, mdomo wa njano, kucha za kushikia samaki anayeteleza.

Mtu akimwona furukombe juu ya mti, hudhani mfalme anafikiri mambo ya nchi. Kumbe anakaa tu. Sehemu kubwa ya siku hukaa, na kuvua kwenyewe humchukua muda mfupi. Hushuka, hutia miguu majini, huondoka na samaki. Samaki akiwa mzito mno, humburuta juu ya maji mpaka ufukoni. Hiyo ni kazi, siwezi kuikana. Lakini mara nyingine humngoja korongo akamate samaki, kisha humtisha na kumnyang'anya. Yule wa Amerika hufanya vivyo hivyo. Humfukuza ndege mwingine mla samaki, mdogo kuliko yeye, mpaka amwangushe samaki wake hewani. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alimwandikia binti yake barua mwaka 1784, akalalamika kwamba ndege huyo ana tabia mbaya na hapati riziki yake kwa njia ya uaminifu. Fundi wa baiskeli atafurahi kusikia hivyo.

Atafurahi zaidi kusikia habari ya sauti. Tai huyo wa kichwa cheupe hana ngurumo. Sauti yake ni nyembamba, kama ya kifaranga aliyepotewa na mama yake. Katika sinema mara nyingi huwekewa sauti ya mwewe mwingine ili atishe. Furukombe wetu, kwa upande wake, haazimi sauti ya mtu. Mlio wake husikika ziwa zima.

Lakini msimcheke tai kupita kiasi. Dawa ya wadudu iitwayo D.D.T. iliingia katika samaki, na samaki wakaliwa na tai, na maganda ya mayai ya tai yakawa membamba, yakavunjika chini ya mama. Mwaka 1963 katika Marekani, ukiacha Alaska, zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota. Dawa hiyo ilikatazwa huko mwaka 1972, na tai wakaongezeka tena polepole. Mwaka 2007 waliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Na shakwe? Katika Brighton shakwe hutaga juu ya mapaa ya nyumba na kupiga kelele kabla ya alfajiri. Mtu akinunua chipsi akatembea nazo ufukoni, shakwe hushuka nyuma ya bega lake na kuondoka na kiazi, pengine na mfuko wenyewe. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter waliandika juu ya jaribio walilofanya. Waliweka mfuko wa chipsi chini, mtu akakaa karibu. Mtu alipomkazia shakwe macho, shakwe alikawia zaidi kuufikia mfuko kuliko mtu alipotazama pembeni. Shakwe wengi hawakuthubutu kabisa. Basi mwizi huyu hutazama macho yako yanatazama wapi. Mvuvi, hilo nimelisema kwa faida yako.

Sasa sikilizeni hili, maana mimi lilinifurahisha kuliko yote. Shakwe husimama juu ya majani mafupi, hata ya uwanja wa mpira, akapigapiga miguu chini haraka haraka, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mchezaji ngoma asiye na ngoma. Kisha huacha, hutazama chini, hudona, huinua nyungunyungu. Ile mishindo ya miguu huwatoa nyungunyungu udongoni. Shakwe hucheza tena, hudona tena. Akipata chaza, huruka naye juu, akamwangusha juu ya jiwe au barabara ili gamba lipasuke. Lisipopasuka, humchukua na kumwangusha tena.

Watu wengi wa pwani ya Uingereza humwona shakwe kuwa balaa. Lakini idadi ya shakwe wa aina ile imepungua sana, na sheria ya mwaka 1981 huwalinda wao, viota vyao na mayai yao. Tena kuna shakwe wengine, wenye migongo myeusi, wanaozaliwa Finland na nchi zilizo karibu nayo. Baridi ikianza kule, huruka maelfu ya kilometa wakaja kukaa Ziwa Victoria, kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili. Huenda yule aliyeokota matumbo ya samaki pale Mwaloni alizaliwa katika nchi ya theluji.

Nimeombwa hukumu, nami naitoa. Wote wawili ni wezi, na wote wawili ni wafanya kazi. Lakini tai akikosa cha kunyang'anya, hukaa mtini akangoja samaki apande juu. Shakwe hupiga miguu mpaka chakula kitoke. Kwa hiyo, kwa nukta moja tu, fundi ameshinda. Mvuvi anunue chapati. Najua atapaza sauti kwamba mwaka 2013 tai alishinda mabao 2 kwa 0, na ni kweli. Basi fundi anunue chai.

Sasa kazi yenu. Kesho kaa mahali pamoja kwa robo saa, umtazame ndege mmoja. Awe kunguru, awe njiwa, awe kuku wako mwenyewe. Kisha andika sentensi tano. Usiandike, "Kunguru ni mwizi." Andika ulichokiona: "Kunguru alichukua kipande cha mkate mkononi mwa mtoto, akaruka nacho juu ya paa." Juma lijalo mtasomeana, na mwenye mtani katika darasa aketi karibu naye. Kwaherini.