Nani Alipwe kwa Kuuzima Moto Aliouwasha Mwenyewe?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Siku hizi tukizunguka vijijini tunaulizwa: hizi pesa za kaboni ni za nini, na kweli zitatufikia? Wengine wenu mmeshatembelewa na watu wenye makaratasi ya miti. Leo tutaanza na visima vya mafuta, kwa sababu huko ndiko uzuri na ubaya wa biashara hii unaonekana waziwazi. Na tusidhani ni mambo ya mbali tu. Turkana yaligunduliwa mafuta mwaka 2012.

Mafuta yakichimbwa, gesi hutoka pamoja nayo. Gesi hiyo ingeweza kupikia au kuzalisha umeme, lakini kuikusanya kunahitaji mabomba na mashine za bei kubwa. Kampuni nyingi huona ni rahisi kuichoma pale pale. Moto huwaka usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zilichomwa hivyo mita za ujazo bilioni 151 duniani kote. Moto huo unaongeza joto la dunia, na majirani wanaishi na masizi, kelele na usiku usio na giza.

Sasa, hati ya kaboni ni nini? Si mkopo. Ni cheti kinachosema kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiwa isiingie angani. Anayeitumia gesi badala ya kuichoma hupewa vyeti, akawauzia wachafuzi wa kwingine. Mpango huu ulitokana na Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997, na ulikuwa na masharti. Kwanza, ilipaswa kuonyeshwa kwamba bila pesa za vyeti kazi hiyo isingefanyika. Pili, ijulikane gesi ingekwenda wapi kama mradi haupo. Tatu, gesi ipimwe kwa mita, na mkaguzi wa nje ahakikishe hesabu.

Masharti mazuri, siyo? Hebu tuone yalivyokwenda Nigeria. Huko sheria ya mwaka 1979 ilitaka uchomaji ukome ifikapo tarehe 1 Januari 1984, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Moto haukuzimika. Novemba 2005 mahakama ya shirikisho mjini Benin City, katika kesi ya Jonah Gbemre wa jamii ya Iwherekan, iliamua kwamba kuchoma gesi kunavunja haki ya watu ya kuishi na kuheshimiwa utu wao. Moto ukaendelea.

Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 2006, mradi wa kampuni ya Agip ulisajiliwa mahali paitwapo Kwale. Si Kwale yetu ya Pwani, ni ya Nigeria. Gesi ilipelekwa kwenye kituo cha umeme cha Okpai chenye megawati 480, na ilitarajiwa vyeti vya kama tani milioni 1.5 kila mwaka. Gesi kutoa umeme ni jambo jema, hatulikatai. Lakini ilikuwaje mtu alipwe kwa kuacha jambo ambalo sheria ilishalikataza? Kanuni zilisema hivi: sheria ikiwa haifuatwi karibu kila mahali, inaweza kuhesabiwa kana kwamba haipo.

Tuseme chifu amekataza mbuzi kuingia shambani mwa wengine. Jirani anapuuza, halafu analipwa kwa kila mbuzi anayemfunga. Siku sheria ikianza kufuatwa, malipo yanakoma. Je, nani atakuwa na haraka ifuatwe? Na mwenye shamba lililoliwa amelipwa nini? Zakayo wa Injili alipoacha kudhulumu hakudai malipo. Alirudisha mara nne.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kwamba biashara ya hati hizi inaweza kugeuka ulanguzi tu. Kanuni mpya zilizopitishwa Glasgow mwaka 2021 zinataka kazi izidi ile ambayo sheria tayari inaamuru. Hapo pana maendeleo, lakini macho yawe wazi.

Kwetu Kenya, sheria iliyorekebishwa mwaka 2023 inasema mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na wenyeji. Ikiwa ni mradi wa ardhi, kama miti, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ulizeni ni gharama zipi zimekatwa kabla ya kuhesabu hiyo 40. Msiweke sahihi wala kidole gumba siku ile ile mliyoletewa karatasi. Lisomwe kwanza kwenye mkutano wa kikundi, kwa lugha ambayo akina mama na wazee wote wanaielewa.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Mradi tunaoletewa, je, kazi hiyo isingefanyika bila pesa hizi?
2. Nani anapima, na nani anamkagua anayepima?
3. Nani ameumia hapa kwetu, na mkataba unamtaja wapi?

Mungu awabariki.