Kahawa Isiyotokana na Buni

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za kinywaji kifananacho na kahawa, wala si kahawa. Jina lake chikori.

Sisi wa Mkiwa, penye njia panda ya kwenda Itigi, hatuna mibuni. Buni hutoka mbali, Kagera na Kilimanjaro. Nchi yetu kavu ni ya mtama, uwele na alizeti. Chikori ni jamaa ya alizeti hiyo, ila ua lake ni la buluu, na kitumiwacho ni mzizi. Huchimbwa, hukatwa vipande, hukaushwa, hukaangwa mpaka uwe mweusi-mweusi, kisha husagwa.

Mwaka 1806 Napoleon alipopiga marufuku biashara na Uingereza, kahawa iliadimika Ufaransa, watu wakaukimbilia mzizi huo. Yakawa yale yale New Orleans, Marekani, katika vita vya 1861 hadi 1865, manowari zilipoizuia bandari. Vita vikaisha, kahawa ikarudi, lakini wenyeji wa mji ule hawakuiacha chikori mpaka leo. Basi si kinywaji cha dhiki tu.

Mimi niliianza kwa ajili ya usingizi. Kahawa ya jioni ilinikesha hadi majogoo, na asubuhi nikasimama mbele ya wanachuo nikipiga miayo. Chikori haina kafeini. Kikombe cha kwanza, nasema kweli, sikukimaliza. Kilikuwa kichungu kama sukari iliyoungua. Nilipopunguza kipimo kuwa kijiko kimoja cha chai, nikatia maziwa ya moto na tangawizi, niliipenda. Msizidishe, maana wengine hujaa tumbo.

Wako wauzao kahawa iliyochanganywa na chikori. Si kosa, maadamu pakiti imesema hivyo. Kosa ni kutoza bei ya kahawa kwa mzizi, nami nimewahi kuuziwa hivyo. Twaa bilauri ya maji baridi, nyunyiza unga juu yake, usikoroge. Kahawa huelea kitambo kwa sababu ya mafuta yake. Chikori huzama upesi, ikiacha michirizi ya hudhurungi majini.

Nilifanya jaribio hilo darasani kwa pakiti yangu mwenyewe. Michirizi ikashuka mingi kama mvua. Kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono, akauliza kwa adabu, “Mwalimu, ulilipa shilingi ngapi?”