Vina Vinavyowakutanisha Wasiosalimiana: Ushairi na Ubaguzi, Mada kwa Walimu wa Butembo na Lubero

Chuki hujitafutia picha mapema, hata kabla ya panga kunolewa. Mwaka 1994 redio RTLM ya Kigali iliwaita Watutsi mende, na msikilizaji aliyelizoea jina hilo hakuhitaji tena kuambiwa mende hufanywa nini. Kwa hiyo mshairi anayeandika juu ya ubaguzi hukuta taswira imekwisha kutekwa, na kazi yake ya kwanza ni kuikomboa.

Shaaban Robert (1909–1962) aliifanya kazi hiyo. Alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ambako mshahara ulifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Katika shairi lake "Rangi Zetu", rangi ile ile iliyotumika kumshusha mtu daraja inakuwa pambo alilojaliwa na Muumba. Hakurudisha tusi, alimnyang'anya mkoloni kipimo chake. Upande wa huku, Kongo ya Wabelgiji nayo ilikuwa na kipimo. Kuanzia 1948 Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa mstaarabu aliomba kadi, na tangu 1952 kukawa na daraja la juu zaidi, ambalo kwa ajili yake wakaguzi waliweza kuingia hadi nyumbani kwa mwombaji kutazama jinsi anavyoishi. Patrice Lumumba alilipata mwaka 1954.

Lakini taswira nzuri peke yake haitoshi. Shairi la sauti moja huwafurahisha wale ambao tayari wanakubaliana nalo, na mbaguzi hulisoma kana kwamba linamsema mtu mwingine. Hapo ndipo muundo unapofanya kazi ambayo picha haiwezi.

Mathias Mnyampala (1917–1969) wa Dodoma aliipa ngonjera umbo lililoenea Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967: wahusika wawili, hoja na jibu, ubeti kwa ubeti. Ni chombo kizuri sana darasani. Kasoro yake ni kwamba ngonjera nyingi za shule humkubalisha mwenye kosa upesi mno. Ubeti wa mwisho unafika, anaomba radhi, watu wanapiga makofi. Nani amewahi kuiacha chuki kwa urahisi huo?

Abdilatif Abdalla wa Mombasa hakumdhalilisha msemaji yeyote namna hiyo. Alifungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka 1973 katika diwani *Sauti ya Dhiki*. Mojawapo, "Mnazi: Vuta N'kuvute", lina ndugu wawili wanaogombea mti mmoja, kila mmoja akijitetea kwa zamu na kwa bahari ile ile. Msomaji wa Lubero ya kusini, ambako mabishano ya mwenyeji na mgeni juu ya shamba yamemwaga damu, hahitaji kufafanuliwa mnazi huo ni nini, hata kama hajawahi kuuona.

Mfano wa ubaguzi ulio karibu zaidi nasi ni wa wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia Beni, Butembo na Katwa, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Waliopona walikuwa 1,171. Walitoka kituo cha matibabu na cheti cha kupona mkononi, na wengi wakakuta majirani wanawakwepa. Dhana mbaya zilikwenda pande zote: watu wa Butembo nao waliitwa wakaidi na wajinga, ilhali kura zao za Desemba 2018 zilikuwa zimeahirishwa kwa kisingizio cha ugonjwa huo huo, na shaka zao zilikuwa na mizizi.

Mishororo miwili iliyotungwa kwa ajili ya mada hii inaonyesha muundo unavyofanya kazi. Jirani anaanza, aliyepona anajibu:

Jirani yangu kapona, ndani simkaribishi,
Cheti changu umeona, hofu yako haiishi.

Kila kipande kina mizani nane. Jirani amefunga mlango, lakini vina vya -na na -shi vimekwisha kumwingiza mwenzake ndani ya ubeti. Hawezi kuumaliza ubeti wake bila sauti ya yule anayemkataa. Cheti nacho, kitu kidogo cha karatasi, kinasema zaidi ya neno "unyanyapaa" likirudiwa mara kumi.

Linabaki swali gumu la nani atungiwe na nani. Sheria ya Julai 2022 inalinda haki za jamii za Mbilikimo wa Kongo, ila Wambuti wa misitu ya Beni na Mambasa bado husimuliwa zaidi kuliko wanavyosikilizwa. Mwalimu anayempa mwanafunzi wa Kinande kazi ya kumsemea Mmbuti anaweza kuzaa picha nyingine ya uongo, tena yenye vina vizuri. Ni afadhali kuanza na ugomvi ambao wanafunzi wenyewe wamo. Wakae wawili wawili, kila mmoja aandike beti tatu za upande wake bila kuruhusiwa kumkejeli mwenzake, kisha wabadilishane upande na kuandika upya kwa vina vile vile. Zoezi hili lisikimbizwe. Beti za awamu ya pili ndizo zitakazosomwa darasani na kujadiliwa.