Kuchoka si Uvivu: Mazungumzo na Wahudumu wa Afya ya Jamii

Haya ni mazungumzo ya afisa muuguzi anayeshughulikia ustawi wa wafanyakazi wa afya, aliyoyatoa katika siku ya mazungumzo ya kitengo kimoja cha afya ya jamii, mbele ya wahudumu na wakazi. Tunayachapa hapa kwa kuwa yanamgusa pia mkazi yeyote anayeamka asubuhi kwenda kazini.

Nilipoalikwa niliambiwa, "Njoo uwape moyo." Nimekuja, lakini niseme mapema kwamba sina wimbo wa kuwaimbisha wala makofi ya kuwapigisha. Mtu aliyepanda kilima mara tatu wiki hii kumtafuta mtoto aliyekosa chanjo tayari ana moyo. Anachokosa ni usingizi, nauli, na mtu wa kumsikiliza.

Kwa wakazi mnaomjua mhudumu kwa mkoba wake tu, nieleze kidogo. Kitengo kama hiki huhudumia watu kama 5,000, na huwa na wahudumu 10 hivi. Kila mmoja huangukiwa na kaya zipatazo 100. Tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park jijini Nairobi, wahudumu zaidi ya 100,000 wa nchi nzima walizinduliwa rasmi na mikoba yao: mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kuingizia takwimu. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa saini, na mhudumu akatambuliwa kisheria. Posho iliyokubaliwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Njiani mambo ni mengine. Nyumba ya kwanza unapokelewa na mbwa kabla ya mwenye nyumba. Ya pili kuna babu ambaye presha yake imepanda tena kwa sababu dawa ziliisha na hakumwambia mtu. Ya tatu mama mjamzito wa miezi saba hajaenda kliniki hata mara moja, na mumewe anasema watazungumza. Ya nne unamfunga mtoto utepe mkononi, unasoma rangi nyekundu, na unajua kwamba mama huyo hana nauli ya kufika hospitali. Unamwandikia fomu ya rufaa, halafu unatoa mia mbili yako mwenyewe. Kisha unarudi nyumbani, na nyumbani nako kuna shamba, kuna kuni, kuna watoto wako ambao wamekusubiri tangu asubuhi. Saa nne usiku mlango unagongwa: "Dada, una dawa ya kichwa?"

Sasa mtu wa namna hiyo akianza kukosa mikutano, akianza kujaza takwimu bila kuzifikia nyumba, watu husema amekuwa mvivu. Mimi nasema tumwangalie vizuri kwanza.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika makala kuhusu jambo aliloliona katika kliniki ya bure mjini humo. Kliniki ile iliendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Yeye mwenyewe alikuwa akimaliza kazi yake ya mchana, kisha jioni anakwenda kuhudumu pale. Alichoona ni kwamba waliozimika si wale wazembe. Walikuwa wale waliojitoa zaidi, waliobaki usiku, waliodhani kwamba wakikaa chini mgonjwa atakufa. Walianza kuumwa na kichwa, kukosa usingizi, kukasirika kwa mambo madogo, na kuwaona wagonjwa kama mzigo. Yeye mwenyewe yalimpata. Nataka mlisikie hilo, kwa sababu uchovu huu wa kazi ulipata jina lake kwa watu kama ninyi: watu wa kujitolea, katika kazi ya afya, wanaohudumia maskini. Habari za mameneja wa makampuni makubwa zilikuja baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilieleza jambo hili mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa, likasisitiza kwamba lenyewe si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu kabisa. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi: unaanza kusema "watu hawa hawabadiliki", unawacheka, unawadharau. Ya tatu ni kujiona huna ufanisi, kwamba ukienda au usipoenda ni sawa tu. Ya kwanza wengi tunaifahamu. Ya pili ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa kitengo kama hiki, kwa sababu mhudumu aliyechoka hupumzika akarudi, lakini anayewadharau watu wake humwona mama akimfungulia mlango nusu, na kutoka siku hiyo haambiwi ukweli tena. Mtoto aliyeharisha siku mbili utaambiwa hajambo.

Basi tufanye nini? Kuna ushauri unaozunguka sana siku hizi, hasa kwenye simu: amka ukitabasamu, fikiria mazuri, usilalamike. Siukatai wote. Mtu mwenye uso mkunjufu hufunguliwa milango. Lakini uchangamfu wa kulazimishwa ni kazi nyingine juu ya kazi. Posho ikichelewa, dawa ya kumsaidia mhudumu ni posho. Betri za mashine ya presha zikiisha, zinatakiwa betri. Msimamizi anayemwambia mtu mwenye shida halisi kwamba "awe na mtazamo mzuri" amemwachia mzigo wake na kumwongezea wa pili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wa ofisini tukiukuta umelala barabarani tunadhani ni mwepesi. Kwa hiyo semeni. Lisemeni jambo kwa tarehe na kwa idadi, kwenye kikao, liandikwe kwenye kumbukumbu, na kikao kijacho muulize limefika wapi. Kulalamika kwa namna hiyo ni sehemu ya kazi.

Baada ya hayo, yapo mambo ambayo yamo mikononi mwenu wenyewe, na la kwanza ni ule ubao wa takwimu ukutani.

Wengi wenu mnauona ni wa wakaguzi. Mnaujaza kwa sababu mnaambiwa mjaze. Watafiti wawili wa Marekani, Teresa Amabile na Steven Kramer, waliwaomba wafanyakazi 238 wa kampuni saba waandike kila siku jinsi siku ya kazi ilivyokwenda. Walipata karibu maandiko 12,000. Walipotafuta ni nini hutofautisha siku njema na siku mbaya, kitu kilichojitokeza zaidi si sifa wala zawadi. Ilikuwa ni kuona kazi yenye maana imesogea mbele, hata kama ni kidogo. Kazi yenu ina shida moja ambayo fundi hana. Fundi akimaliza meza anaiona. Ninyi mkifanya vizuri, kinachotokea ni kwamba jambo halitokei: mtoto hapati surua, babu hapigwi na kiharusi. Nani atakushukuru kwa kiharusi ambacho hakikuja? Ndiyo maana ubao ni wenu kabla ya kuwa wa mkaguzi. Mwezi uliopita watoto waliokosa chanjo walikuwa tisa, mwezi huu wanne. Hao watano wana majina, na mmoja wenu anawajua wote. Simameni mbele ya ubao kila mwezi, dakika kumi tu, kila mtu ataje nyumba moja iliyosogea. Moja inatosha. Mtu asiyekuwa na nyumba ya kutaja mwezi huo, msimcheke. Huyo ndiye wa kusindikizwa mwezi ujao.

La pili ni mpaka wa saa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Najua mtaniambia: "Afisa, sisi tuko kwa posho, hiyo si yetu." Ni kweli, mhudumu wa posho hayumo katika hesabu hiyo moja kwa moja. Lakini mwili hausomi barua ya kazi. Chagueni siku yenu moja, wengine Ijumaa, wengine Jumamosi au Jumapili, na kila mtaa ujue. Hapa nawageukia wakazi. Mama anayetokwa na damu, mtoto anayedegedeka, mtu aliyeumwa na nyoka: gongeni mlango wa mhudumu saa yoyote, huku mkitafuta gari. Dawa ya kichwa na kuuliza kama kliniki iko wazi kesho vinaweza kungoja kuche. Na mhudumu akikuambia "nitakuja kesho asubuhi," usiende kutangaza kisimani kwamba ana maringo.

(Naona baadhi ya wanaume wanatabasamu. Wengi wa wahudumu hawa ni wake zenu. Jioni akirudi amechoka, maji ya kuoga hayamjui mwanamke wala mwanamume.)

La tatu ni kutembea wawili kwenye nyumba nzito. Mnazijua: nyumba ya kileo, nyumba ya mgonjwa wa muda mrefu anayekata tamaa, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga. Usiingie peke yako kwa sababu tu imeandikwa kwenye daftari lako. Mchukue mwenzako wa mtaa wa jirani, na mkitoka msiachane njiani kabla ya kusema mlichokiona. Huzuni ya nyumba ya watu ukiilaza kwako bila kuisema, itaamka na wewe. Semeni ninyi kwa ninyi tu, maana siri ya mgonjwa haiendi kwa shoga wala kwenye chama.

Kisha kuna uchovu ambao mapumziko hayautoi. Umelala, umepumzika wiki mbili, na bado chakula hakina ladha, kitu kilichokufurahisha hakikufurahishi, unaamka saa tisa usiku na hurudi kulala. Au umeanza kufikiri kwamba watu wangekuwa afadhali bila wewe. Hapo si habari ya kazi tena. Hapo nenda kituo cha afya useme vile vile ulivyomwambia mama wa nyumba ya tatu aseme kliniki. Mhudumu wa afya ana haki ya kuwa mgonjwa. Asiyetaka kuonwa na watu wa hapa anaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, azungumze na mshauri.

Nimalizie na mipango ya hapa hapa. Kabla hamjaondoka leo, kila mmoja aandike kwenye karatasi iliyo kwa msimamizi mambo mawili: siku yake ya mapumziko, na jina la mwenzake wa nyumba nzito. Msimamizi atazibandika siku za mapumziko hapa zahanati ili wakazi wazione. Majina ya wawili wawili yabaki kwenye faili. Na yule aliyesema mashine yake ya presha inatoa namba za ajabu tangu mwezi wa pili, asiondoke nayo. Iacheni hapa pamoja na maelezo, niende nayo mimi.

Sasa maswali. Mama aliye karibu na dirisha ameinua mkono tangu nilipotaja saa nne usiku. Karibu, mama.