Karatasi Ndogo Kabla ya Tovuti Mpya
(Hotuba ya afisa wa mawasiliano kwa wakazi, ukumbi wa kaunti)



Nina swali. Mtoto wako amepata nafasi ya shule ya upili, nawe unataka fomu ya basari ya kaunti. Ukifungua tovuti yetu, utabonyeza wapi? Nasikia wengi mkisema "Elimu". Fomu haiko hapo. Iko chini ya Fedha, kwa sababu idara hiyo ndiyo inayotoa hundi. Mama mmoja aliipata siku moja baada ya muda wa kuirudisha kwisha. Kosa si lake, ni letu: tovuti tuliipanga jinsi tunavyogawana ofisi.

Ndiyo maana kila meza ina bahasha ya kadi 40. Kila kadi ina huduma moja: kulipia duka, bomba limepasuka, chanjo ya ng'ombe, mahali pa kuzika, zabuni, nafasi za kazi. Wekeni pamoja zile mnazoona zinakaa pamoja, kisha kila fungu mlipe jina lenu wenyewe, hata la lugha ya nyumbani. Msituulize jibu ni lipi. Maafisa wameagizwa wanyamaze, na najua itawawia vigumu.

Hamtaona neno "kibali". Tulipojaribu ofisini, kibali cha biashara, cha ujenzi na cha mazishi viliishia fungu moja kwa sababu ya neno hilo tu. Anayejenga na anayezika hawana safari moja.

Tumeweka pia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Hizo ni huduma za serikali ya kitaifa, lakini watu huzitafuta kwetu. Popote mtakapoziweka, hapo tutaandika maelezo ya kuwaelekeza Huduma Centre.

Mwaka 2004 mtaalamu Jakob Nielsen alipendekeza watu 15 kwa zoezi kama hili. Sisi tunataka 15 wafanyabiashara, 15 wakulima na 15 wazazi, maana hawatafuti mambo yale yale. Kadi itakayogawanyika nusu kwa nusu itawekwa pande zote mbili. Baadaye tutawaita wakazi ambao hawako hapa, tuwape menyu mpya na kazi moja: tafuta fomu ya basari. Wakipotea, tutarudi mezani.

Asiyeona vizuri, jirani amsomee, lakini asimpangie. Haya, fungueni bahasha.