Umeme wa Ofisi Una Mwenyewe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya ofisini, kwa kuwa nimeifanya mjini Moshi miaka mingi nikishika vitabu vya hesabu. Nimechagua jambo ambalo wengi huliona dogo mno kuhutubiwa: matumizi ya umeme.

Wengi wetu tumezaliwa migombani, na tunajua mfongo ni nini. Maji yalishuka kutoka mlimani kwa mfereji uliochimbwa na wazee, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Aliyeyaacha yamwagike ovyo hakuitwa mzembe tu; aliambiwa amemnyang'anya jirani wa chini. Asiyefika siku ya kusafisha mfongo alitozwa faini. Lakini mtu huyo huyo akishuka mjini akapewa meza na kiti, huacha taa zinawaka mchana kutwa na kusema, "Si zangu, ni za ofisi."

Maji ya mlima wetu, pamoja na ya Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya megawati 8. Kisha hufuata Mto Pangani na kuzungusha mitambo mingine kule Hale na Pangani. Mvua zilipokosekana 2006, na tena 2011, nchi iliingia katika mgao wa umeme. Wachomeleaji na wenye mashine za kusaga walikaa mikono mitupu.

Vijana watasema: siku hizi tuna bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Ni kweli, na tujivunie. Lakini Rufiji ni mbali, na umeme hupungua njiani. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mkoani kwetu alieleza mpango wa kuipatia kanda ya kaskazini umeme kutoka Ethiopia, na upotevu huo wa njiani ni sababu mojawapo. Tena, wingi wa umeme Rufiji hauilipii ofisi LUKU yake.

Ndugu zangu, ubadhirifu una ubaya mwingine: lawama yake humwangukia mnyonge. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, uniti zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi. Akashukiwa mhudumu, mama mtu mzima aliyetuchemshia chai. Ikasemwa anachaji simu za watu kwa fedha. Ilibaki kidogo afukuzwe. Nikaomba nipewe wiki mbili.

Mita ilikuwa nje ukutani. Kila Ijumaa jioni niliisoma, na kila Jumatatu asubuhi nikaisoma tena kabla mlango haujafunguliwa. Uniti zilikuwa zimeshuka wakati yule mama yuko kwake. Jumapili ya pili nilipita pale nikasikia kiyoyozi kinaunguruma katika chumba cha mkubwa wetu, ambaye ufunguo alikuwa nao mwenyewe. Jumatatu nikaweka karatasi ya hesabu mezani pake. Aliisoma, akanyamaza, kisha akamwita yule mama akamwomba radhi mbele yetu sote. Kwa hilo nilimheshimu.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Kiyoyozi cha kawaida kikifanya kazi mfululizo hula karibu uniti moja kwa saa. Toka Ijumaa saa 11 jioni mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa 63. Hata kikipumzika nusu ya muda huo, ni uniti zaidi ya 30 kwa chumba kisicho na mtu. Balbu 10 za kizamani za wati 60 zikiwaka saa 8 hula uniti 4.8, za LED za wati 9, zenye mwanga karibu ule ule, hula uniti 0.72.

Basi yatupasa nini? Madirisha yafunguliwe kabla ya kuwasha kiyoyozi. Na Juni na Julai, kwa baridi yetu ya Moshi, kiyoyozi cha nini? Maji ya chai yachemshwe mara moja na kutiwa katika chupa ya chai. Kompyuta zizimwe jioni. Mita isomwe Ijumaa na Jumatatu, na hesabu ibandikwe ukutani ili mkubwa na mdogo waione. Bandu bandu huisha gogo.

Vijana, wengi wenu mtakalia viti vya ofisi, na baadhi yenu vitakuwa viti vikubwa. Siku hiyo msianze kwa kumwuliza mhudumu uniti zimekwenda wapi. Anzeni na swichi ya chumba chenu wenyewe.